Kabla ya Kutuma Pesa Japani



Mwaka huu vikundi vitatu vimetuuliza jambo moja. Wameweka akiba, wanataka gari la kubebea maziwa au mboga, na wamesikia kwamba ukiagiza mwenyewe kutoka Japani unaokoa pesa kuliko kununua kwa muuzaji wa Nairobi. Je, ni kweli? Mara nyingi ni kweli. Lakini sisi wa kikundi cha maziwa tulipoteza pesa kwa njia hiyo hiyo kabla ya kufanikiwa, kwa hivyo tumeona afadhali tueleze yote, hata yale ya aibu.

Kwanza, kwa nini Japani? Wajapani huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, na usukani wao uko kulia kama sheria ya Kenya inavyotaka. Tena kule gari jipya likitimiza miaka mitatu lazima likaguliwe, halafu kila baada ya miaka miwili. Ukaguzi huo wanauita shaken, na gharama yake si ndogo. Wengi huona heri wauze wachukue jipya. Ndiyo sababu gari lililo zima kabisa linaweza kuuzwa bei ya chini huko. Mengi hupelekwa mnadani, na kampuni zinazotuuzia sisi hununua hapo.

Shida ni kwamba huwezi kulizunguka gari hilo, wala kumwita makanika wako alale chini yake asikilize injini. Unachonunua ni picha na karatasi. Picha hupendeza siku zote. Basi soma karatasi.

Karatasi yenyewe ni ile ya mnada. Mkaguzi wa mnada huliangalia gari kabla halijauzwa, akaandika alama yake. Namba 4 au 4.5 ni gari zuri la mtumba, 3.5 lina mikwaruzo na kasoro ndogo ndogo, 3 na kushuka chini jihadhari. Herufi R, au RA, maana yake gari liliwahi kugongwa likatengenezwa. Si kusema R haliendi, yako mengine yanakwenda vizuri tu, lakini ulipe bei ya R, usilipe bei ya 4.5. Kando kuna mchoro wa gari kutoka juu, umejaa herufi: A ni mkwaruzo, U ni mahali palipobonyea, W ni mahali palipowahi kunyooshwa na kupakwa rangi, XX ni sehemu iliyobadilishwa. S na C ni kutu. Kutu uitazame sana, kwa maana sehemu za baridi za Japani humwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, na chumvi hula gari kwa chini, pale ambapo picha hazifiki. Namba inayofuata herufi huonyesha ukubwa: A1 ni kidogo, A3 ni kubwa.

Mwambie muuzaji akutumie karatasi yenyewe ya Kijapani, asikutumie tafsiri aliyoandika yeye. Siku hizi simu ya kijana yeyote inaweza kusoma Kijapani vya kutosha kukuonyesha kama kuna neno la mafuriko au ajali. Muuzaji akisema karatasi imepotea, au gari halikupitia mnada, si lazima awe mwongo, lakini wewe tafuta lingine. Magari ni mengi.

Mwaka nao una hesabu yake. Wajapani huhesabu miaka kwa enzi za wafalme wao, kwa hivyo utaona H29 au R2. Kwenye H ongeza 1988, kwenye R ongeza 2018. H29 ni 2017, na R2 ni 2020. Hesabu hii ina maana kubwa kwetu kwa sababu Shirika la Viwango, KEBS, halikubali gari lililopita miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Kuanzia tarehe 1 Januari 2025, kwa mfano, yalikubaliwa ya mwaka 2018 na baadaye tu. Ya 2017 yalitakiwa yawe yamefika kabla ya mwisho wa Desemba 2024. Kufika, si kupakiwa! Mtu aliyenunua la 2017 mwezi wa Novemba kwa kuwa lilikuwa rahisi, meli ikichelewa njiani, gari lake linakataliwa. Bei ikishuka ghafula karibu na mwisho wa mwaka, jua sababu ndiyo hiyo.

Kabla ya kupakiwa, gari hukaguliwa huko huko na kampuni iliyoteuliwa na KEBS, nalo hupewa cheti. Likifika Mombasa bila cheti ni matatizo na faini. Lakini msidhani ukaguzi huo ni wa kuwachagulia nyinyi gari. Wao wanataka kujua kama linafaa barabarani, basi.

Sasa tueleze yaliyotupata. Mwaka 2021 tulikuwa wanachama 26, kila mmoja akitoa shilingi 500 kwa wiki. Kijana wa mwanachama mmoja akatuonyesha kwenye simu Probox nyeupe, bei karibu nusu ya zile tulizoona kwingine. Kampuni ilikuwa na jina la kampuni ya kweli, hata ukurasa wake wa intaneti ulifanana. Kumbe wezi walikuwa wamenakili kila kitu, wakabadilisha herufi moja ya anwani pamoja na namba ya akaunti. Akaunti yenyewe ilikuwa kwa jina la mtu binafsi, tena katika nchi nyingine. Karani wa benki alituuliza, "Mama, mnamjua huyu mtu?" Mweka hazina wetu akamjibu, "Tufanyie haraka, kuna mwingine anaitaka hiyo gari." Tulituma shilingi 310,000 za kwanza. Tuliporudi benki siku ya tano kuomba zirudishwe, zilikuwa zimeshatolewa. Polisi waliandika taarifa, na mpaka leo ndiyo hiyo taarifa tuliyo nayo. Wanachama saba walituacha. Mmoja wao alikuwa mjane aliyekuwa akiuza mayai ili apate ile 500 yake, na huyo hatukuweza kumwambia neno.

Kwa hivyo tunawaomba: jina la akaunti liwe jina la kampuni, na benki iwe Japani. Kule kuna chama cha wanaouza magari ya mtumba nchi za nje, kinaitwa JUMVEA. Angalia kama kampuni ni mwanachama, kisha upige simu kwa namba uliyoipata huko, siyo ile iliyoandikwa kwenye invoisi, uwasomee namba ya akaunti wakuthibitishie. Na akija mtu katikati ya safari kusema akaunti imebadilika, usitume hata senti.

Jambo la pili lililotushangaza ni ushuru. Sisi tulidhani KRA itahesabu kwa bei tuliyolipa Japani. Sivyo. KRA ina orodha ya bei za magari yakiwa mapya hapa Kenya, hupunguza kulingana na umri wa gari, na hapo ndipo huanzia. Ushuru wa forodha unakuja kwanza, halafu ushuru wa bidhaa unahesabiwa juu ya jumla hiyo, halafu VAT ya asilimia 16 juu ya vyote. Kodi inazaa kodi. Kwa hiyo kupata gari rahisi mnadani hakupunguzi ushuru hata shilingi, na usishangae kodi zote zikikaribia bei ya gari lenyewe. Viwango hubadilika, mara nyingi mwezi wa Julai sheria mpya ya fedha inapoanza kazi. Mwombe ejenti wa forodha akuandikie hesabu kamili kabla hujalipa Japani: ushuru, gharama za bandari, malipo yake, bima ya safari ya bahari, namba za gari. Hati zimfikie mapema pia, maana siku za bure bandarini ni chache na baadaye unalipa kwa kila siku.

Gari letu la sasa lilifika mwaka 2023, H29, alama ya 4. Makanika wetu na katibu walishuka Mombasa kwa treni, wakalinganisha namba ya chesisi na ile ya hati, moja moja, kabla ya kusaini. Gurudumu la akiba halikuwepo, ingawa kwenye picha lilikuwepo. Tulinunua lingine.

Bado jambo la jina. Tulikuwa karibu kuagiza kwa jina la mwenyekiti kwa kuwa kikundi hakikuwa na PIN ya KRA. Ejenti akatuambia tungoje. Tulichukua cheti cha kikundi, tukaomba PIN, ikatuchelewesha, watu wakanung'unika. Hati zote, tangu ile ya meli hadi logibuku, zikaandikwa kwa jina la kikundi. Mwenyekiti alituaga dunia mwaka uliofuata, Mungu amlaze mahali pema. Wanawe walikuja kuuliza kuhusu gari, tukawaonyesha logibuku, wakanywa chai wakarudi nyumbani. Kesho yake saa kumi na moja alfajiri gari lilitoka na maziwa kama kawaida.