Kabla ya "Jikaze", Sema "Pole"

Mwaka jana, matokeo ya muhula wa kwanza yalipotoka, rumeti wangu alikuta sapu mbili. Nilimkuta amekaa kitandani, simu mkononi, taa hajawasha. Nikasema kile ambacho wengi wetu tungesema: "Jikaze mwaya, sapu siyo mwisho wa dunia. Wewe fikiria mazuri tu." Akatabasamu. Nikachukua ndoo yangu nikaenda kuchota maji, najiona nimefanya la maana.

Wiki tatu baadaye nikamkuta anafunga begi. Alikuwa ameamua kuacha chuo. Kumbe zile sapu zilikuwa sehemu ndogo tu ya mzigo. Baba yake alikuwa mgonjwa, nusu ya bumu ilikuwa inakwenda nyumbani, naye alikuwa anashindia mlo mmoja huku akikesha bila kusoma chochote kikaingia. Nikamuuliza, inakuwaje tunalala chumba kimoja na hukuniambia? Akanijibu taratibu: "Ningekuambia nini? Ulishanijibu kabla sijasema."

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike makala hii. Sisi wanafunzi tunapenda maneno ya kutiana moyo. Yako kwenye status, kwenye magrupu ya darasa, hata kwenye vimbweta mtu akilalamika kidogo tu anaambiwa "acha kujiwazia mabaya". Nia ni njema. Tatizo ni kwamba mara nyingi maneno haya yanamwambia mtu kwamba huzuni yake haina nafasi hapa, airudishe alikoitoa.

Na huzuni haiondoki kwa kufukuzwa. Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani, Daniel Wegner, pamoja na wenzake, waliwapa wanafunzi wa chuo kazi inayoonekana rahisi: kwa dakika tano, semeni kila kinachowajia kichwani, ila msimfikirie dubu mweupe; akiwajia, gongeni kengele. Kengele ziligongwa, wastani wa zaidi ya mara moja kwa dakika. Baadaye waliporuhusiwa kumfikiria, walimfikiria zaidi kuliko wenzao walioruhusiwa tangu mwanzo. Sababu yake si ngumu. Ili uhakikishe huwazi kitu fulani, sehemu ya akili lazima iendelee kuchungulia kama kipo. Sasa weka sapu mahali pa dubu, au ada, au msiba wa nyumbani. Ukimwambia mtu "usiwaze hilo", umempa kazi ya kulilinda usiku kucha.

Kuna lingine. Mwaka 2009 Joanne Wood na wenzake, watafiti wa Kanada, waliwataka watu warudie sentensi ya kujisifu, yenye maana ya "mimi ni mtu wa kupendwa". Wale waliokuwa tayari wanajiamini walijisikia vizuri kidogo. Wale wasiojithamini, ambao ndio hasa tungedhani wanaihitaji dawa hiyo, walijisikia vibaya zaidi. Nadhani tunaweza kuelewa kwa nini. Unaposema "mimi ni mshindi" huku moyoni unajiona umeshindwa, kila neno linakukumbusha umbali uliopo kati ya unachosema na unachokiona. Juu ya hapo unaanza kujilaumu: mbona wenzangu maneno haya yanawasaidia, mimi nina kasoro gani?

Hapo ndipo madhara yanapokuwa mawili. Kwanza una shida yenyewe, halafu una aibu ya kuwa na shida. Aibu hiyo inakufundisha kutabasamu ukiulizwa hali. Wazee walishasema, mficha maradhi kifo humuumbua. Ila tukumbuke pia kwamba wapo wanaoficha kwa sababu sisi tumewaonyesha hatutaki kuona.

Sisemi tumaini ni baya, wala kwamba tukae tunaliliana kuanzia asubuhi mpaka jioni. Rumeti wangu alihitaji tumaini, tena sana. Lakini tumaini linakuja baada ya mtu kusikilizwa. Mwalimu hawezi kumsahihisha mwanafunzi kabla ya kulisoma jibu lake, na mimi nilitoa alama bila kufungua karatasi.

Lugha yetu ina neno moja zuri kwa kazi hii: pole. Pole haiahidi kwamba kesho mambo yatanyooka. Haikuamuru utabasamu. Inasema tu kwamba nimeona umeumia. Msibani watu wanakuja, wanasema pole, wanakaa kwenye mkeka. Wengine hawasemi lingine lolote mpaka wanaondoka, na mfiwa anajua walikuja. Kwa nini tukifika hosteli tunaisahau busara hii?

Kwa hiyo mwenzako akikuambia amekwama, jaribu kusema pole, kisha uulize, "Ilikuwaje?" halafu nyamaza. Ukishasikia, muulize kama anataka ushauri au anataka tu kusikilizwa. Na kama wewe ndiye umebeba mzigo na huna wa kumwambia, uandike. Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall waliwaomba wanafunzi waandike dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Walioandika tukio lililowaumiza pamoja na walivyojisikia walikwenda kwenye kituo cha afya cha chuo mara chache zaidi katika miezi sita iliyofuata kuliko walioandika mambo ya kawaida. Siku zile za kuandika, walitoka na huzuni zaidi. Nafuu ilikuja baadaye. Na mzigo ukizidi daftari na marafiki, kama huli, hulali, au unawaza kujidhuru, usikae nao peke yako. Nenda kwa Mshauri wa Wanafunzi au hospitali, na mwombe mtu akusindikize.

Siku ile ya begi nilikaa chini sakafuni, nikasema pole, miezi yote iliyochelewa nikiwa nayo kooni. Alizungumza mpaka saa nane usiku. Kesho yake tukaenda wote kwa Mshauri. Sapu moja alifaulu, nyingine anaibeba mwaka huu. Baba bado anaumwa. Ila siku hizi nikiingia nikamkuta kakaa gizani, siwashi taa haraka. Nauliza kwanza.