Kamenge, Bukavu na neno "hakuna tiba"

Mtu wa Kalundu, kwetu Kongo, akishikwa na ugonjwa wa akili, mara nyingi ndugu zake huanzia chumba cha maombi, kisha kwa mganga wa miti shamba. Hospitali huja mwisho, franka zikipatikana: ama kuvuka mpaka wa Kavimvira hadi hospitali ya Kamenge, Bujumbura, ama kupanda milima hadi hospitali ya SOSAME, Bukavu. Zote mbili ni za shirika moja la mabruda, Frères de la Charité, lililozaliwa Ghent, Ubelgiji, mwaka 1807.

Shirika hilohilo liliwahi kuvutana na Roma. Sheria ya Ubelgiji ya 2002 inamruhusu daktari kukatisha maisha ya mgonjwa anayeomba hivyo, hata mwenye ugonjwa wa akili tu, mradi mateso hayavumiliki wala hayatulizwi. Kifo kisipokuwa karibu, madaktari wengine wawili huulizwa na mwezi mzima husubiriwa. Mwaka 2017 bodi ya hospitali za mabruda huko Ubelgiji ilikubali jambo hilo lifanyike ndani ya kuta zake. Papa Fransisko akataka waache, bodi ikashikilia msimamo, na 2020 Vatikani ikatamka kwamba hospitali hizo si za Kikatoliki tena.

Hoja ya bodi si ya kudharauliwa. Maumivu ya akili ni maumivu kweli, hata kama hayaonekani kwenye eksirei. Ila mimi hukwama kwenye neno "hakuna tiba", ambalo ruhusa hiyo hulitegemea. Saratani ikienea, daktari huiona. Sonona je? Kusema haitapona ni kubashiri, na hamu yenyewe ya kufa ni mojawapo ya dalili zake. Kanada, iliyowafungulia wenye ugonjwa wa akili peke yake mlango wa kifo cha namna hiyo kwa sheria ya 2021, imeahirisha mara mbili kuanza kuwaruhusu. Sasa ni hadi Machi 2027.

Kwetu Kongo, sheria ya jinai ya 1940, iliyotungwa na Wabelgiji haohao, haina mlango wa namna hiyo. Asijisifu mtu. Kijana aliyefungwa mnyororo uani, ndagala zikianikwa hatua chache tu kutoka miguuni pake, hajameza hata kidonge cha kwanza. Atasemaje mtu kwamba tiba zimemshinda?

Ukiwa na mgonjwa nyumbani anayesema amechoka kuishi, usimwache peke yake. Mfungue, mkae naye, na nauli ichangwe afike kwa daktari.