Je, Wajua? Sentimita 18 za Daraja la Kati

Kwenye stendi ya Mbinga, alfajiri ambapo baridi ya Umatengo bado inauma masikio, wakala wa tiketi humuuliza abiria wa Dar es Salaam maswali mawili: siti ya dirishani au ya njiani, na basi la kawaida au la daraja la kati. Maneno hayo, daraja la kati, si ya wapiga debe. Yamo kwenye jedwali la nauli la Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA. Desemba 2023 mamlaka hiyo ilipanga abiria wa masafa marefu alipe shilingi 48.47 kwa kila kilomita katika basi la kawaida, na shilingi 67.84 katika basi la daraja la kati. Kwa kilomita 100, ambao ni takribani mwendo wa Mbinga hadi Songea, tofauti inakaribia shilingi 2,000.

Fedha hiyo inanunua upana. Safu ya viti vitatu kwa viwili inageuka kuwa viwili kwa viwili, na bega la abiria linapata pa kukaa.

Biashara hiyohiyo inafanyika mita 11,000 juu ya Bahari ya Atlantiki. Kati ya daraja la kawaida, ambako magoti hugusa kiti cha mbele, na daraja la biashara, ambako kiti hulala kikawa kitanda, mashirika mengi ya ndege yameingiza daraja la tatu. Kila shirika limelipa jina lake la kulitangaza sokoni, lakini abiria wa Mbinga hahitaji kufundishwa jina jipya. Ni daraja la kati.

Tofauti yake hupimwa kwa inchi. Kutoka mgongo wa kiti kimoja hadi mgongo wa kiti kinachofuata, daraja la kawaida lina inchi 31 hivi, yaani sentimita 79. Daraja la kati lina inchi 38, sentimita 97 kasoro kidogo. Hizo sentimita 18 ndizo moyo wa bidhaa yote. Mengine, kama vile kuingia ndegeni mapema, glasi ya kioo badala ya kikombe cha plastiki, na mara nyingi ruhusa ya mizigo miwili ya kilo 23, yamefuata nyuma yake. Kwa mtu anayewapelekea ndugu zake wa ughaibuni kahawa ya Mbinga iliyokaangwa, huo mzigo wa pili nao si jambo dogo.

Historia ya daraja hili ina mzunguko wa ajabu, na Atlantiki ndiyo uwanja wake. Tarehe 1 Mei 1952 mashirika yaliyovuka bahari hiyo yalianza kwa pamoja kuuza daraja la watalii, lenye nauli ya chini kuliko ile ya watu wakubwa iliyokuwapo. Tarehe 1 Aprili 1958 likaja daraja la bei nafuu zaidi, ambalo ndilo babu wa daraja la kawaida la leo. Miaka ya 1970 nauli ziligawanyika tena: katika chumba kimoja alikaa mfanyabiashara aliyelipa nauli kamili na, ubavuni pake, kijana aliyenunua tiketi ya punguzo. Wafanyabiashara wakanung'unika. KLM ya Uholanzi ikawatengea sehemu yao mwaka 1976, Pan Am ya Marekani ikafuata mwaka 1978, na hivyo likazaliwa daraja la biashara. Lilikuwa daraja la kati kwa kila maana ya neno: kiti cha kawaida kilichosogezwa mbele kidogo, na utulivu kidogo.

Lakini cha kati hakikukaa katikati. Kila shirika liliongeza kitu ili kumpita mwenzake, mpaka mwaka 2000 British Airways ilipoweka katika daraja la biashara viti vinavyolala vikawa vitanda kamili. Kadiri ngazi hiyo ilivyopanda, nyuma yake lilibaki pengo. EVA Air ya Taiwan na Virgin Atlantic ya Uingereza waliliona mapema, mwaka 1992, wakaweka viti vya kuliziba. British Airways yenyewe ililiziba mwaka huohuo wa 2000. Kwa hiyo daraja la kati la sasa ni la pili kuzaliwa. La kwanza lilikua, likahamia ghorofani.

Afrika Mashariki nayo imeliona daraja hili, kwa mfano kwenye anga la Nairobi. Virgin Atlantic ilirusha ndege zake kati ya London na Nairobi tangu 2007 hadi 2012, ikiwa na madaraja yake yote matatu. KLM, inayotua Dar es Salaam, Kilimanjaro na Zanzibar, ilianza kuweka daraja la kati katika ndege zake kubwa mwaka 2022. Emirates ya Dubai ilianza mwaka 2021.

Mashirika ya Air Tanzania na Kenya Airways hayajaingia huko. Boeing 787-8 ya Air Tanzania, aina iliyotua nchini kwa mara ya kwanza Julai 2018, ina viti 22 vya daraja la biashara na 240 vya kawaida. Katikati hakuna kitu. Kenya Airways ilipoanza safari ya moja kwa moja ya Nairobi hadi New York, tarehe 28 Oktoba 2018, ilitumia ndege ya aina hiyohiyo yenye viti 234: 30 vya biashara, 204 vya kawaida. Hiyo ni safari ya kilomita zipatazo 11,800 na saa 15 hivi za kwenda, tena ikikata Atlantiki usiku kucha. Ikiwa kuna njia katika sehemu hii ya dunia inayostahili daraja la kati, ni hiyo.

Hesabu ya sakafu inaonyesha kwa nini wauzaji wa tiketi wanalipenda daraja hili. Katika 787, daraja la kawaida hupanga viti tisa kwa safu, tatu-tatu-tatu. Daraja la kati hupanga saba, mbili-tatu-mbili. Ukizidisha upana huo kwa urefu wa inchi 38 dhidi ya 31, kiti kimoja cha kati kinakula sakafu ya kiti kimoja na nusu cha kawaida, na ziada kidogo. Nauli yake, katika njia nyingi ndefu, huelekea maradufu. Shirika linauza kiti kimoja na nusu kwa bei ya viwili. Ukilinganisha na jedwali la LATRA, ambamo daraja la kati linazidi la kawaida kwa asilimia 40, abiria wa basi la Mbinga ndiye anayepata mapatano mema zaidi kati ya hao wawili.

Ziwa Nyasa nalo lina daraja lake la kati, la zamani kuliko yote haya. Meli ya Ilala ya Malawi, iliyojengwa Scotland na kampuni ya Yarrow, ikaletwa vipandevipande na kuanza kazi mwaka 1951, hupita kisiwa cha Likoma kusini mwa bandari yetu ya Mbamba Bay. Sitaha ya chini hubeba watu, magunia, kuku na usipa mkavu, vyote karibu na joto la injini. Vyumba vyenye kitanda ni vya wachache. Katikati yao kuna wanaolipia sitaha ya juu bila chumba: wanatandika godoro chini ya nyota, upepo wa ziwa ukiwapuliza mpaka asubuhi. Abiria huyo hanunui upana kama wa basi wala urefu kama wa ndege. Ananunua hewa.

Hapo ndipo ndege inapotofautiana kabisa na meli, na ndipo wengi wanapokosea. Ndani ya ndege, hewa haiuzwi kwa daraja. Chumba chote ni chupa moja iliyofungwa, na msukumo wa hewa ni uleule kuanzia kwa rubani mpaka choo cha mwisho. Nje, mwanadamu angepoteza fahamu kwa muda mfupi sana, kwa hiyo mitambo hujaza hewa ndani. Lakini haijazi mpaka kufikia hali ya pwani, maana kiwiliwili cha ndege kingelazimika kuwa kizito mno ili kihimili msukumo huo safari baada ya safari. Katika ndege nyingi za bati la alumini hewa ya ndani inaweza kuwa nyepesi kama ya mlima wa mita 2,400. Boeing 787, ambayo karibu nusu ya uzito wake ni nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi ngumu, haichoki wala kushika kutu kama alumini, kwa hiyo inaruhusu hewa nzito zaidi: sawa na ya mlima wa mita 1,800.

Mita 1,800 ni Umatengo. Safu za wilaya ya Mbinga, pale wakulima wanapochimba mashimo yao ya ngoro na kupanda mibuni, zinapanda kukaribia mita 2,000. Uso wa Ziwa Nyasa uko mita 474 hivi. Kwa hiyo mvuvi wa Mbamba Bay anayepanda gari kumfuata shemeji yake kwenye safu hizo amekwisha kuionja hewa ya 787 bila tiketi wala pasipoti. Moyo wake uliongeza mapigo kidogo, masikio yakaziba, akapiga miayo, yakazibuka. Maji ya chai yanayochemka kwenye nyuzi 98 kando ya ziwa huchemka kwenye nyuzi 94 huko juu, na ni hivyohivyo kwa kahawa ya ndegeni, katika daraja lolote.

Nairobi inaongeza kioja kingine. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko mita 1,600 na ushei juu ya usawa wa bahari. 787 ikiruka kutoka hapo kwenda New York, abiria wake anapanda hadi mita 11,000 nje, lakini ndani mwili wake unahisi kupanda chini ya mita 200. Masikio hayana la kulalamikia. Kazi yote inamsubiri mwisho wa safari, ndege inapoteremka kwenye usawa wa bahari. Kwa rubani mambo ni kinyume: hewa hiyo nyepesi ya Nairobi hupunguza nguvu ya mabawa na injini, kwa hiyo ndege haiwezi kupaa na uzito wote ambao ingebeba ikianzia pwani. Kila kilo inahesabiwa, mafuta ya saa 15 yakiwa mbele.

Basi kama hewa ni moja, zile sentimita 18 zinaufaa nini mwili?

Zinafaa magoti, mgongo na usingizi. Hilo halina ubishi. Jambo zito zaidi ni damu. Mtu akikaa saa nyingi bila kusogea, misuli ya mashavu ya miguu, ambayo ndiyo pampu ya kurudisha damu juu, inalala. Damu inatuama, na kwa wachache inaganda. Bonge hilo likinyofoka na kufika mapafuni linaweza kuua. Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti wake mwaka 2007: safari ya saa nne au zaidi ya kukaa inaongeza hatari hiyo karibu maradufu, ingawa kwa mtu mwenye afya inabaki ndogo, takribani mmoja kati ya 6,000. Na haikuwa ndege peke yake. Gari, basi na treni vyote vimo. Abiria wa basi la Songea hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900, yumo katika hesabu ileile na yule wa New York.

Kwa muda mrefu ugonjwa huu uliitwa kwa jina la daraja la kawaida, kana kwamba umaskini wa kiti ndio chanzo. Madaktari wa Marekani wa magonjwa ya kifua, katika mwongozo wao wa mwaka 2012, walisema ushahidi wa hilo haupo. Walichokiona ni kingine: aliyekaa dirishani yuko hatarini kuliko aliyekaa njiani, kwa sababu anaona haya kuwaamsha wenzake, hivyo hainuki. Urefu wa mtu nao una neno. Waliozidi sentimita 190 hujikunja, na walio chini ya sentimita 160 miguu yao huning'inia, ukingo wa kiti ukabana mishipa nyuma ya goti. Kwao hao wafupi, ambao ni akina mama wengi wa kwetu, kiegemeo cha miguu cha daraja la kati kina faida kubwa kuliko nafasi ya mbele.

Lile swali la wakala wa Mbinga, dirishani au njiani, linaweza basi kuwa na uzito kuliko lile la daraja. Na jibu la njiani haliongezi hata shilingi moja.

Anayetaka kuiona hewa ya ndege kwa macho hahitaji kusafiri mbali. Achukue chupa tupu ya maji, ya plastiki laini, aifungue juu kabisa ya safu za Umatengo, aifunge kifuniko kwa nguvu, kisha apande gari la Mbamba Bay na kushuka nayo kwenye lami ya kilomita 66 inayotoka Mbinga. Hewa iliyomo, ikibanwa na hewa nzito ya ziwani, itapungua karibu asilimia 15. Chupa itabonyea mbavu zake polepole, na konda akiitupia jicho anaweza kudhani imekaliwa. Abiria wa Nairobi anayeamka ndege ikitua New York huikuta chupa yake ndani ya mfuko wa kiti imebonyea zaidi kidogo, karibu asilimia 20, iwe mfuko huo uko umbali wa inchi 31 au 38 kutoka magotini pake.