Kabla ya Kununua Tochi, Uliza Betri Yake

Leo tuongee juu ya kitu kidogo ambacho karibu kila mmoja wetu anacho: tochi.

Hapa Lubumbashi mwanafunzi anayesoma usiku anajua giza ni nini. Wakati nilikuwa naandika TFC yangu, nilinunua tochi sokoni kwa sababu moja tu: juu ya betri yake kuliandikwa 9900 mAh. Nikajisemea, hii itanifikisha asubuhi. Saa mbili hazijatimia, giza! Nilikuwa nimeangalia ukali wa mwanga na ukubwa wa namba, sikuuliza betri ni ya aina gani. Njo maana naandika haya, ili mwengine asipoteze franga zake na usiku wake wa kujitayarisha kwa mtihani.

Tuanze na majiwe ya kawaida, yale ya radio. Soma alama zake. Ukiona R6 ao R20, ni zinki-kaboni: bei chini, nguvu kidogo. Ukiona LR6 ao LR20, ni alkalini: inadumu zaidi. Zote ni volti 1.5, na hazichajiwi. Wazazi wetu waliyaanika juani ili yapate nguvu tena. Kweli yanaweza kuamka kidogo, lakini yakianza kuvuja, maji yake yanakula vyuma vya tochi. Iko pia HR6, yaani NiMH, ya volti 1.2. Hii inachajiwa mara mamia, na inaingia mahali pale pale pa R6. Inahitaji tu chaja yake.

Aina ya pili ni tochi zenye meno mawili ya kuingiza kwenye prizi. Mingi kati yake ina betri ndogo ya risasi ya volti 4, nduguye betri ya gari. Betri hiyo haipendi kukaa bila moto. Ukiiacha imeisha wiki nyingi, inaharibika ndani na haitashika tena chaji. Kwa hiyo umeme ukirudi, ichaji mara moja, hata kama uliitumia kidogo tu.

Aina ya tatu ni lithiamu ya kuchaji, na inayojulikana sana inaitwa 18650. Jina hilo ni vipimo vyake: upana milimita 18, urefu milimita 65, na sifuri ya mwisho inaonyesha kwamba ni ya mviringo. Ina volti 3.7, na ikijaa inafika 4.2. Ni nyepesi ukilinganisha na nguvu inayobeba. Lakini hapa njo penye uongo mingi. Betri nzuri kabisa ya kipimo hiki inabeba karibu mAh 3500. Kwa hiyo ile 9900 yangu haikuwezekana hata kidogo. Uzito pia unasema ukweli: 18650 ya kweli iko karibu gramu 45 mpaka 50. Ukiiona nyepesi sana mkononi, ogopa.

Muuzaji anaweza pia kukuonyesha tochi «ya askari», zile zinazofanana na taa za kufungwa kwenye bunduki. Nyingi za aina hiyo zilitengenezwa kwa betri CR123A, lithiamu ya volti 3 isiyochajiwa. Askari anaipendea kwamba inaweza kukaa akiba miaka 10 na bado ikawaka siku ya hatari. Lakini mwanafunzi anawasha kila usiku! Kwake ni kutupa betri na kununua ingine, bei juu, na si kila duka linayo.

Sasa hesabu kidogo, siye si tulisoma? Zidisha ampea-saa kwa volti. Betri ya mAh 2500, yaani 2.5, mara 3.7, inatoa wati-saa 9.25. Taa ndogo ya kisasa ikitumia wati 1 inaweza kutoa karibu lumeni 100, na hiyo inatosha kabisa kusoma na kutembea. Gawa: ni karibu saa 9, ukitoa kidogo kinachopotea njiani. Tochi ikiwashwa kwa lumeni 1000, betri ile ile haimalizi hata saa moja. Mwanga mkali si bure.

Lithiamu inataka pia heshima. Usiitie mfukoni pamoja na funguo ao vichele, maana chuma kikigusa pande zote mbili inaweza kuwaka moto. Usiichaji chini ya mto ao juu ya godoro. Ikivimba ao ikitobolewa, usiitumie tena. Na ukisafiri kwa ndege, betri za akiba ziweke katika mfuko wa mkononi, si katika mzigo unaokwenda chini.

Basi uchague nini? Kama nyumbani umeme unarudi kila siku, chukua 18650 ya mAh 2500 ao 3000 yenye chaja ya volti 4.2. Kama uko mahali umeme haufiki, chukua tochi ya majiwe yanayopatikana dukani pa karibu, na LR6 nne za akiba.

Na neno la mwisho. Betri nyingi za 18650 zina kobalti ndani, na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka hapa kwetu Kongo, sana sana upande wa Kolwezi. Inaondoka ikiwa udongo, inarudi ikiwa betri, nasi tunainunua bila kujua kusoma kilichoandikwa juu yake. Leo jioni, mbele umeme haujakatika, fungua tochi yako usome.