Mto Tana Ulipovunja Ada Yake

Msomaji aliyepata kusimama juu ya daraja la Garissa wakati wa kiangazi ataona taabu kuamini ya kuwa maji yale mekundu, yapitayo polepole kandokando ya mchanga, yaweza kuifunga barabara na kuufanya mji kuwa kama kisiwa. Mto huu watoka milima ya Nyandarua na Mlima Kenya, ukaipita nchi kavu, na kuingia baharini karibu na Kipini baada ya mwendo wa kilomita 1,000 hivi.

Wapokomo wakaao ukingoni hawakupata kuyahesabu mafuriko yote kuwa adui. Kwa desturi mto hujaa mara mbili kwa mwaka, tangu Aprili na tena tangu Novemba, na maji yakishuka huacha tope lenye rutuba. Hapo ndipo hupandwa mpunga, mahindi na migomba. Waorma nao huwaondoa ng'ombe wao maji yajapo, na kuwarudisha malisho ya mbali yakaushwapo na jua. Mtu wa bara hushangaa sana amsikiapo mkulima wa huko akinung'unika kwamba mwaka huu mto haukufurika!

Lakini mwaka wa 1961 mto ulivunja ada yake. Nchi ilikuwa katika ukame mkali, na Ukambani mifugo ilikuwa imekufa kwa wingi. Mwezi wa Oktoba mvua ikaanza, na haikujua kukoma. Barabara zilikatika hata malori ya chakula hayakuweza kupita, ikabidi ndege za Jeshi la Anga la Uingereza ziangushe magunia kutoka juu. Wakamba waliiita njaa hiyo kwa jina la ndege. Aliyekuwa akiomba mvua mwezi wa Agosti, mwezi wa Novemba alikuwa akiomba ikome. Huko Tana vijiji vya bondeni vilizungukwa na maji, na mazao yakaozea shambani.

Wala taabu haikuwa ya Kenya peke yake. Mito ya Juba na Shabelle ilifurika katika Somalia. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba katikati ya mvua hiyo, na watu wengi wakaiita mvua ya uhuru. Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita mbili kufikia mwaka wa 1964, likafunika mashamba ya pwani zake. Maji hayo yakashuka kwa mto Nile hata Sudani, ambako vinamasi vya Sudd vilipanuka na kumeza malisho ya Wadinka na Wanuer, watu ambao mvua ile haikuwanyeshea wao.

Sababu yake ilielezwa baadaye. Mwaka wa 1999 wataalamu walionyesha jinsi Bahari ya Hindi ipatavyo joto upande wetu na kupoa upande wa Sumatra, pepo zikatuletea mvua kupita kiasi. Ndivyo ilivyokuwa mwaka wa 1961, tena 1997 na 2019.

Tangu hapo mto umejengewa mabwawa ya umeme, kutoka Kindaruma mwaka wa 1968 mpaka Kiambere mwaka wa 1988. Lililo kubwa kupita yote ni Masinga, la mwaka wa 1981. Umeme ni jambo jema, nami siukatai. Hata hivyo, kwa maoni yangu, Mpokomo amepata hasara mara mbili. Mafuriko madogo yaliyomlisha yamepunguzwa na mabwawa, bali yale makubwa hayazuiliki: bwawa likijaa, maji humwagika. Mwezi wa Aprili 2024 mabwawa yalijaa, mto ukafurika, barabara ya Garissa ikakatika, na watu wakafa maji mashua ilipopinduka karibu na mji huo.

Lakini maji yamwagikayo Kiambere huchukua siku kadhaa kufika Garsen. Siku hizo ni mali, kama habari itamfikia mkulima mapema, kwa redio au kwa kinywa cha chifu, naye akaiamini. Ndizo siku za kuvunja mahindi yaliyokomaa, kupandisha mbegu darini, kuvusha ng'ombe, na kuwapeleka wazee na watoto mahali pa juu kabla mtumbwi haujawa njia pekee iliyobaki.