Kuku wa nyama katika kiwanja cha kuazima

Tangu kambi za Bulengo na Lushagala, kando ya Goma, zilipoondolewa watu Februari 2025, familia nyingi zimerudi vijijini ao zimepokelewa katika viwanja vya ndugu. Wengi wanatuuliza juu ya kuku wa nyama, kwa sababu anauzika baada ya wiki 6 ao 7.

Shida tunayoiona zaidi ni nafasi. Mtu ana chumba cha mita 2 kwa 2, anaingiza vifaranga 100 kwa kuwa leo ni vidogo. Mwezi ukipita hawana pa kulala, wanadonoana, mavi yanalowesha chini na hewa inachoma. Ukiingia ukatoka machozi, kumbuka wao wanakaa humo usiku na mchana. Kuku 8 wakubwa wanatosha kwa mita moja ya mraba. 6 ni vizuri zaidi. Katika chumba kile basi, usipite 32. Tandika randa za mbao, unene wa vidole vinne, na kila siku utoe zilizolowa.

Wiki ya kwanza joto ni uhai. Vifaranga vikijibana pamoja na kulia, vinasikia baridi; vikikimbia jiko na kutweta, joto limezidi. Moshi wa makala upate pa kutokea: huua vifaranga, na watu pia.

Chakula ni muhindi, soja na sambaza kavu. Soja ikaangwe kwanza, maana mbichi inazuia chakula kusagika tumboni.

Chanjo ya Newcastle hutolewa karibu na siku ya 7, kisha inarudiwa wiki ya tatu. Kichupa kimoja kinatosha kuku mamia, na kikifunguliwa hakilali. Kwa hiyo mwenyeji na mgeni wanunue vifaranga siku moja, wachange dawa. Viongozi, saidieni kupanga siku hiyo. Mpatane pia mapema mbolea itaenda shamba la nani. Tumeona ugomvi mkubwa ukitokana na mfuko wa mavi ya kuku!

Siku ya kuuza, kuku asifungwe miguu na kuning'inizwa kwenye pikipiki kichwa chini. Anaumia, na nyama inavilia damu. Mweke katika kitunga chenye hewa. Wa kuchinjwa nyumbani anyimwe chakula usiku, maji aachiwe, na kisu kiwe kikali, mbali na wenzake.