Vijidudu katika Maziwa ya Kopo

Wakati wa kuvuna ufuta na kuokota korosho, akina mama wengi wa Nachingwea na Ruangwa hushinda shambani. Pengine mtoto mchanga huachwa nyumbani na bibi. Maziwa ya kopo hukorogwa asubuhi na kutiwa katika chupa. Mtoto hunyweshwa kidogo kidogo mpaka mchana. Akiharisha, watu husema ni meno. Mara nyingi si meno. Ni vijidudu.

Vijidudu ni viumbe vidogo sana. Hatuwezi kuviona kwa macho. Huingia katika maziwa kwa maji machafu, na kwa mikono na vyombo vichafu. Vingine hutoka katika kopo lenyewe. Kiwanda hakiwezi kuua vijidudu vyote vilivyo katika maziwa ya unga. Mwaka 2017, huko Ufaransa, watoto wachanga zaidi ya 30 waliugua kwa maziwa ya unga ya kampuni ya Lactalis. Yalikuwa na vijidudu viitwavyo salmonela. Kampuni iliagiza maboksi milioni 12 yarudishwe kutoka nchi 83.

Katika unga mkavu vijidudu haviongezeki. Ukitia maji, huanza kuzaana. Tufanye hesabu. Tuseme kijidudu kimoja huwa viwili kila nusu saa. Baada ya saa 1 ni 4. Baada ya saa 2 ni 16. Baada ya saa 5 vimezidi 1,000! Hayo ndiyo maziwa anayokunywa mtoto mchana.

Tufanye nini?

Maziwa ya mama ndiyo bora. Miezi 6 ya kwanza mtoto anyonye maziwa ya mama tu, bila maji wala uji. Mama akienda shamba, aende na mtoto. Au akamue maziwa yake katika kikombe safi chenye kifuniko, bibi amnyweshe mtoto.

Ikiwa mtoto hana mama, au mhudumu wa zahanati ameshauri maziwa ya kopo, fuata mambo haya:

1. Nawa mikono kwa sabuni.
2. Tumia kikombe na kijiko. Chupa ni vigumu kuisafisha. Osha vyombo, kisha vichemshe.
3. Chemsha maji. Korogea maziwa kabla nusu saa haijapita, maji yakiwa bado ya moto sana. Moto huo huua vijidudu vya kopo.
4. Poza maziwa kwa kuweka kikombe ndani ya maji baridi. Yaonje joto kwa kudondoshea mkononi.
5. Mpe mtoto mara moja. Yakipita saa 2, yamwage. Aliyobakiza, usimwekee.

Maziwa ya kopo ni ghali, na kuyamwaga kunauma. Lakini kumuuguza mtoto kunauma zaidi. Mtoto akiharisha, mpeleke zahanati mapema.

Maswali

1. Vijidudu huingiaje katika maziwa?
2. Baada ya saa 3, kijidudu kimoja kitakuwa vingapi?
3. Nyumbani kwenu, nani humlisha mtoto mama akiwa shambani? Msomee ukurasa huu.